Ndoano za kropi: ya kidagaa hai au ya jigi, nyembamba au nene?

Mimi nilijifunzia uvuvi Musoma, kwa furu hai na ndoano nene kama msumari, na samaki niliyemtafuta alikuwa sangara. Sangara akikuponyoka, mara nyingi kakata uzi au kakuzidi nguvu. Nilipohamia jimbo la Kentucky, Marekani, na kuanza kuvua kropi (samaki wa maziwa ya huku; jina huandikwa crappie, na baadhi ya wazee wa huku hulitamka krapi), nilinunua ndoano kwa akili ileile: fupi, nene, imara. Aprili ya kwanza pale Taylorsville Lake niliinua samaki kumi na kitu hadi usawa wa maji, na wengi wakanyofoka mbele ya macho yangu, wameniachia kipande cha ngozi ya mdomo kwenye ndoano. Ndoano zilizosalia zilibaki chini, zimeng'ang'ania magogo.

Wenyeji humtania kropi kwa jina la "mdomo wa karatasi", na hawatii chumvi. Pembeni mwa mdomo wake kuna utando unaopitisha mwanga ukiunyoosha kuelekea jua. Wako wa aina mbili, mweupe na mweusi. Ukitaka kuwatofautisha usiangalie rangi, hesabu miiba ya pezi la mgongoni: mweupe ana 5 au 6, mweusi ana 7 au 8. Mdomo ni uleule, kwa hiyo kwa habari ya ndoano wote ni samaki mmoja.

Jambo la pili ni makazi yake. Kropi hukaa ndani ya miti iliyozama. Taylorsville ni bwawa lililojazwa miaka ya 1980, na miti mikavu bado imesimama majini. Kule magharibi, kwenye Kentucky Lake, bwawa lililokamilika mwaka 1944, maji hushushwa kutoka usawa wa futi 359 juu ya bahari wakati wa kiangazi hadi 354 wakati wa majira ya baridi, na ukipita pwani wakati huo utaona vichaka na mafungu ya vijiti ambavyo watu walivipigilia matopeni ili samaki wakusanyike. Idara ya wanyamapori ya jimbo nayo hukusanya miti ya Krismasi baada ya sikukuu na kuizamisha maziwani. Yaani pahali pazuri pa kumpata kropi ndipo pahali pabaya pa kutupa ndoano.

Ulinganisho wote ninaoufanya hapa, wa ndoano za kidagaa hai na za jigi (ndoano yenye kichwa cha risasi), unatokana na mambo hayo mawili, mdomo na miti.

Namba kwanza, maana zinapotosha

Namba 8 ni ndogo kuliko 6, 6 ni ndogo kuliko 4, 4 ni ndogo kuliko 2, hadi unafika 1. Hapo hesabu inageuka: inafuata 1/0, kisha 2/0, na sasa namba ikipanda ndoano inakua. Kwa kropi kazi karibu yote iko kati ya 6 na 1/0. Na namba 4 ya kampuni moja si lazima ilingane na namba 4 ya kampuni nyingine. Ziweke mbili kiganjani utaona.

Kosa la wengi wetu wageni, baada ya kuambiwa kwamba mdomo ni laini, ni kukimbilia ndoano ndogo. Nami nililifanya. Nikahama kutoka ndoano nene hadi namba 8, na samaki wakaendelea kunyofoka, na walioingia ndani waliimeza hadi kooni. Ndoano ndogo hushika ukingo mwembamba wa ngozi tu, na uzito wote wa samaki huning'inia hapo. Yenye mdomo mpana, yaani nafasi kati ya ncha na shina, hupita kwenye utando na kukamata sehemu kubwa zaidi, mara nyingi kwenye fupa la juu. Kwa hiyo tafuta waya mwembamba, lakini umbo lisiwe dogo. Hivyo ni vitu viwili tofauti, na muuzaji dukani hatakutenganishia.

Kwa kidagaa hai: Aberdeen dhidi ya nyingine zote

Vidagaa vinavyouzwa hapa, mino kama wanavyoitwa, hutoka kwa wingi kwenye mashamba ya samaki ya jimbo la Arkansas, hasa eneo la Lonoke. Wapo wenye kichwa kinene, wagumu kufa, na wapo wale wa kung'aa kama dhahabu, wanaovutia zaidi lakini hufa ukiwaangalia vibaya. (Usiwaweke kwenye maji ya bomba yaliyotoka moja kwa moja, klorini huwamaliza kabla hujafika ziwani.)

Aberdeen, ndoano iliyopewa jina la mji wa Scotland, ina shina refu, mpindo wa duara na waya mwembamba. Ndiyo utakayoiona kwenye kasha la karibu kila mvuvi wa kropi, na baada ya misimu kadhaa naelewa kwa nini. Waya mwembamba huingia kwa kuinua ufito tu, bila kuvuta kwa kishindo. Kidagaa aliyetobolewa kwa waya huo huogelea muda mrefu kwa sababu tundu ni dogo na mzigo ni mwepesi. Shina refu linakupa pa kushika unapoitoa mdomoni, hata vidole vikiwa vimekufa ganzi kwa baridi ya Machi.

Kisha kuna ule uwezo wake ambao mvuvi wa sangara angeuita udhaifu: inanyooka. Ikinasa gogo, elekeza ufito kwenye uzi, shika uzi kwa mkono uliovaa glavu au uuzungushie kipande cha mti, kisha vuta polepole, moja kwa moja, bila kutikisa. Mpindo unafunguka, ndoano inatoka, unairudisha umbo lake kwa koleo, unaendelea kuvua. Pahali pale pale, bila kuvuruga samaki kwa kukata na kufunga upya. Ndoano nene katika hali hiyo inakugharimu ndoano, risasi, na wakati mwingine boya.

Hila hiyo ina sharti moja. Uzi lazima uwe na nguvu kuliko waya. Kwa uzi wenye nguvu ya pauni 4, uzi hukatika kabla ndoano haijanyooka, na faida yote inapotea. Pauni 6 hutosha kwa Aberdeen namba 6 na mara nyingi namba 4. Mimi hutumia pauni 8 kwenye miti minene na pauni 6 kwenye maji ya wazi. Ukishaikunja ndoano moja mara mbili au tatu, itupe, maana chuma kimechoka na samaki atakayekuja atakuwa yule mkubwa.

Hasara zake ni za kweli. Kambale wa mfereji au besi, samaki wenye nguvu kuliko kropi, akichukua kidagaa chako, ataifungua Aberdeen kama pini ya nguo na kwenda zake. Nimeshakubali hasara hiyo. Kama lengo lako la siku ni kitoweo chochote kitakachokuja, usiitumie.

Sasa zilinganishe na jirani zake. Ndoano iitwayo oktopasi ina shina fupi, tundu la uzi limeinamishwa, na waya mnene zaidi. Kidagaa huonekana huru juu yake kwa sababu chuma kinachoonekana ni kidogo, na katika maji maangavu kama ya Herrington Lake, lile bwawa la tangu 1925 lenye vina virefu, hilo lina uzito. Lakini ikinasa mti imenasa, na samaki akiimeza, shina fupi linakulazimu kuingiza koleo kooni. Naitumia pale tu ninapovua kwenye kina pasipo miti.

Ndoano iitwayo Kahle ina mpindo mpana sana. Kidagaa mkubwa wa inchi 3 hukaa vizuri juu yake bila kuziba ncha, na samaki akiingia hatoki kirahisi. Wako watu wanaoiapia. Nami naikubali kwa vidagaa vikubwa na kropi wakubwa, lakini kwa kidagaa wa inchi 1.5 ni kama kumvalisha mtoto koti la babake: chuma kinamzidi, anazama kichwa chini, anakufa.

Ndoano ya duara, ile ambayo ncha yake imegeukia shina, imejengwa ili samaki ajinase mwenyewe kwenye pembe ya mdomo, mradi wewe usiruke kuvuta. Kwa wale wanaopanga fito sita au nane mbele ya mashua kama miguu ya buibui na kuziacha kwenye vishikio, ina maana. Inapunguza pia samaki waliomeza, jambo la heshima ikiwa unarudisha wadogo majini. Lakini mkononi mwangu, nikiwa nimekaa na boya moja, haijanishinda wala haijanifurahisha. Mwili wote unataka kuvuta, na ukivuta unamnyang'anya samaki ndoano. Tena pembe ya mdomo wa kropi ndiyo penye utando mwembamba kupita pote.

Ile yenye vijino kwenye shina, ya kuzuia nyungunyungu asiteleze, iache kwa nyungunyungu. Vijino vile vinamchana kidagaa. Ya ncha tatu pia iache. Kwenye miti inanasa mara tatu.

Kuhusu rangi: dhahabu, shaba, nyekundu. Wauzaji husema nyekundu hufanana na damu. Mimi nimevua kwa zote na sijaona kropi aliyeuliza. Nanunua za dhahabu kwa sababu naziona vizuri zikianguka kwenye sakafu ya mashua.

Unamtunga vipi kidagaa

Ndoano nzuri iliyotungwa vibaya ni bure. Njia mbili ndizo zinazoshindana. Ya kwanza ni kupitisha ncha kutoka chini ya kidevu hadi juu ya midomo yote miwili. Kidagaa hunyooka anapovutwa, kwa hiyo ifuate unapovuta taratibu au unapomweka kwenye jigi. Ya pili ni kupitisha chini kidogo ya pezi la mgongoni, juu ya uti. Chini ya boya lililotulia hii ndiyo bora, kwa kuwa kidagaa hukaa sawa kama sakafu na kuhangaika pahali pamoja, na kuhangaika huko ndiko kunakomwita kropi. Ukigusa uti, umemuua. Ipo na ya tatu, ya kupitisha mdomoni na kutokea kwenye shavu kisha kuchoma tena ubavuni; hainyofoki hata kwenye mkondo, lakini kidagaa hana maisha marefu.

Weka chambo juu ya samaki, usiweke chini yake. Macho ya kropi yanatazama juu na yeye hupanda kula. Ndiyo maana mara nyingi boya halizami: linalala ubavu. Mara ya kwanza nilidhani risasi imegusa chini. Mzee mmoja aliyekuwa kwenye gati akaniambia bila kugeuza kichwa, "Boya likilala, kijana, samaki ameibeba risasi yako. Unangoja nini?" Inua tu. Ufito ukiwa mwepesi na waya ukiwa mwembamba, kuinua kunatosha.

Kwa jigi: hapa ndoano hununuliwa pamoja na kichwa

Jigi ni ndoano iliyoyeyushiwa risasi shingoni na kuvalishwa mkia wa plastiki laini, manyoya au nywele. Yale manyoya mepesi yanayopumua majini huitwa marabu, jina la kongoti, yule ndege mwenye kipara anayezurura majalalani Kampala na mialoni kwetu. Siku hizi manyoya yenyewe ni ya bata mzinga. Bado hunichekesha kwamba nilivuka bahari kuja kuvua kwa jina la ndege aliyekuwa akiniibia vichwa vya samaki.

Watu hununua jigi kwa kutazama rangi na uzito, wanasahau kwamba mle ndani kuna ndoano. Uzito wa kawaida ni 1/32 ya aunsi (kama gramu 0.9) na 1/16 (kama gramu 1.8). Upo wa 1/64 kwa maji ya kina kifupi yaliyotulia, na 1/8 kwa kina kirefu au upepo. Sasa geuza kichwa cha 1/32 uangalie ndoano yake. Mara nyingi utakuta namba 6. Ukiivalisha plastiki nene ya inchi 2, nafasi kati ya ncha na mwili wa plastiki inabaki ya kupitisha kijiti cha kiberiti. Samaki anauma plastiki, wewe unainua, hakuna kitu. Tafuta kichwa chepesi chenye ndoano namba 4 au 2. Vipo, ila ni lazima usome kifungashio, na bei huzidi kidogo. Kwa plastiki nyembamba ya inchi 1.5, namba 6 haina ubaya.

Pembe ya tundu la uzi nayo inagawa kazi. Likisimama nyuzi 90 juu ya shina, jigi huning'inia sawia, kama samaki mdogo aliyetulia. Hilo ni la kuvua wima, kati ya matawi, au chini ya boya. Likiinama mbele kwa nyuzi 60 au 45, jigi huogelea vizuri likitupwa mbali na kuvutwa, na huteleza juu ya magogo kwa urahisi zaidi. Mimi nina mengi ya 90, kwa sababu ninavua wima kuliko ninavyotupa. Wewe unayevua ukiwa ukingoni, bila mashua, fikiria 60.

Lakini hata tundu la nyuzi 90 haliwezi kusaidia fundo baya. Ukifunga fundo la kubana, lisukume kwa ukucha hadi juu kabisa ya tundu. Likiteleza mbele, jigi hutazama mbinguni, na baada ya kila samaki lazima ulirudishe. Fundo la kitanzi huacha jigi licheze lenyewe na halihitaji kurekebishwa. Nimeona tofauti kwenye maji baridi, ambapo kropi hutazama kwa muda mrefu kabla ya kuamua.

Umbo la ndoano ndani ya jigi: ya mpindo wa duara (kama Aberdeen, si ile ambayo ncha imegeukia shina) au ya mundu. Ya mundu ina mpindo uliovunjika kwa pembe badala ya kuzunguka. Samaki akishateleza hadi kwenye ile pembe hukaa hapo, na hata ukilegeza uzi hatoki upesi. Waya wake huweza kuwa mwembamba bila kufunguka ovyo. Kwenye jigi naipendelea kuliko ya duara, na hapa ndipo napotofautiana na rafiki yangu wa Uvira ninayevua naye: yeye anasema ya duara hunyooka kwa urahisi mitini, ya mundu hung'ang'ana. Ana haki. Yeye huvua vichakani siku nzima, mimi huvua pembeni mwa kichaka.

Zipo pia jigi zenye kinga, waya au kifungu cha nyuzi ngumu kinachoifunika ncha ili isinase. Kwa kropi, chagua yenye kinga laini sana au uipunguze kwa mkasi. Kinga ngumu inayomfaa besi inamfukuza huyu, kwani haumi kwa nguvu ya kuikandamiza.

Kidagaa au jigi?

Maji yakiwa na nyuzi joto 16 hadi 20 hivi za Selsiasi, kropi wamesogea pwani kutaga na wanalinda viota. Jigi hushinda. Unatupa, unatoa, unatupa tena, hupotezi muda kutunga chambo. Maji yakiwa baridi zaidi, au siku ile upepo wa kaskazini umepita na anga limekuwa jeupe kama sahani, kidagaa kwenye Aberdeen hunilipa wakati jigi linadharauliwa. Kwa anayeanza, hasa ukienda na watoto, anza na kidagaa. Anafanya kazi ya kucheza kwa niaba yako.

Kuna wanaovichanganya, kidagaa mdomoni mwa jigi. Inafaa, lakini angalia tena nafasi ya ndoano. Jigi lenye mkia wa plastiki pamoja na kidagaa juu ya namba 6 ni msongamano. Ondoa plastiki, acha kichwa kitupu cha rangi au chenye manyoya machache, ndoano namba 2, kidagaa atungwe kwa midomo.

Kabla hujatupa chochote, nunua leseni. Kentucky inahitajika kuanzia miaka 16, na mwaka wake huanza Machi 1, wala si Januari. Idadi na urefu wa samaki unaoruhusiwa hutofautiana ziwa kwa ziwa. Na vidagaa vilivyobaki visimwagwe ziwani, hata ukivionea huruma.

Kasha langu la Jumamosi ijayo lina hivi: Aberdeen za dhahabu namba 4, hamsini, na namba 2, ishirini, vichwa vya jigi vya 1/16 vyenye mundu namba 4, kumi na viwili, vya 1/32 vyenye namba 4, sita, ambavyo nilivitafuta maduka matatu. Kahle tano pembeni, endapo duka litakuwa limebakiwa na vidagaa vikubwa tu, jambo linalotokea kila Jumamosi ukichelewa kuamka. Na koleo. Ile ya kwanza iko chini ya Taylorsville pamoja na ndoano zangu za Musoma.